Nzi niliyemfunga mwenyewe anazama, tena anafumuka: nakosea wapi?

"Habari za kazi, fundi. Nilianza kufunga nzi bandia wa kuvulia trauti miezi minne iliyopita. Namfunga Adams, nzi wa kuelea juu ya maji, kwenye ndoana ndogo ya namba 14. Mezani anapendeza, lakini mtoni anaelea mirusho mitatu au minne tu, kisha analala ubavu na kuzama. Nikipata samaki mmoja, nyoya la shingoni, lile linalozungushwa nyuma ya kichwa, linaanza kufumuka; nikipata wa pili, linaning'inia. Nimeongeza manyoya ili aelee zaidi, nikamtia gundi kichwani ili asifumuke, na sasa tundu la ndoana limeziba, nailoni haipiti. Rafiki yangu anasema vifaa vyangu ni duni, ninunue jiliwa jipya la kushikia ndoana na ngozi ya jogoo ya daraja la juu. Ninunue, au niachane na kazi hii nitumie nzi waliokwisha kufungwa?"

Ndugu yangu, usinunue kitu kwanza. Umetaja matatizo matatu, yaani kuzama, kufumuka na tundu kuziba, lakini ukiyafuatilia yanatoka mahali pawili tu: uzi haukukazwa, na ndoana ndogo imebebeshwa vitu vingi kuliko uwezo wake. La tatu limekuja kwa sababu ya dawa ulizotumia kutibu mawili ya kwanza. Jiliwa lako, kama linaishika ndoana bila kuiachia unapovuta uzi, linatosha. Halikufanyi ufunge vizuri wala vibaya.

Tuanze na gundi, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotea. Nzi hashikiliwi na gundi. Anashikiliwa na msuguano: uzi unaozunguka mti wa ndoana, yaani sehemu yake iliyonyooka, ukiwa umevutwa unabana kila kilicho chini yake, na kila mzunguko unabana ule uliotangulia. Gundi au vanishi kazi yake ni kulinda fundo la mwisho lisisuguliwe na meno ya samaki. Kama mizunguko ya ndani imelegea, gundi inakauka juu na kufanya kofia ngumu, huku uti wa nyoya ukiteleza chini yake. Ndiyo maana nzi wako anafumuka akiwa na kichwa kigumu kama kokoto. Tena gundi nyepesi hupanda kwenye nyuzi za nyoya, vile vijinywele vinavyotoka kwenye uti wake, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, ikazigandisha pamoja, na nyuzi zilizogandana haziwezi kusimama juu ya maji.

Fanya jaribio hili kabla ya kufunga nzi mwingine. Weka ndoana tupu kwenye jiliwa, zungusha uzi mara kumi, kisha uvute kuelekea chini polepole mpaka ukatike. Rudia mara tano au sita. Usiuhurumie uzi, shabaha ni kuukata. Baada ya hapo vidole vyako vitaijua ile hali ya dakika ya mwisho kabla ya kukatika: uzi unanyooka kidogo, ndoana inapinda chini kidogo. Mkazo wa kufungia ni pungufu kidogo tu ya hapo. Karibu kila anayeanza anashangaa kuona kwamba alikuwa akifunga kwa nusu ya nguvu ambayo uzi wake unaweza kubeba.

Kama uzi unakatika mapema kuliko unavyotarajia, usiulaumu mara moja. Angalia ncha ya ndoana, maana uzi ukiigusa mara moja tu unachanika nusu. Kisha pitisha uzi wa pamba ndani ya mrija wa kishikio cha uzi ukiuvuta huku na huku. Ukinasa au ukitoka na manyoyamanyoya, mdomo wa mrija una ukwaru, na kishikio hicho kibadilishe. Kwa namba 14, uzi wa deniya 70 unafaa sana. Deniya 70 maana yake ni kwamba mita 9,000 za uzi huo zina uzito wa gramu 70. Uzi mnene wa deniya 140 una nguvu zaidi, lakini kwenye ndoana ndogo hivi unajaza nafasi upesi, na nafasi ndiyo unayoikosa.

Kuna jambo jingine la uzi ambalo halisemwi sana. Kila unapozungusha kishikio kwenye ndoana, uzi unajisokota. Ukishasokotwa unakuwa wa mviringo kama kamba, unafanya vilima na kuteleza kwenye vilima hivyo. Acha kishikio kining'inie, kisha kizungushe kinyume cha saa (kama unatumia mkono wa kulia na unakitazama kutoka juu) mpaka uone nyuzi ndogondogo zinaachana na uzi unalala bapa kama utepe. Uzi bapa unashika eneo pana na haujengi unene. Fanya hivi kabla ya kuweka tabaka la kwanza, na tena kabla ya kufunga kichwa.

Sasa tundu. Tundu halizibwi na gundi ya mwishoni peke yake. Linaanza kuzibwa pale mwanzo, unapoanza kufunga ukiwa umeligusa. Anza uzi wako nyuma ya tundu kwa umbali wa upana wa matundu mawili, na hicho kipande kitupu ukichukulie kama mpaka. Hakuna mkia, bawa, wala nyoya la kuvuka hapo. Ni pa fundo peke yake. Kutoka kwenye mpaka huo rudi nyuma na uzi ukiukaza mpaka juu ya kimwiba cha ndoana, mizunguko ikigusana. Chuma kitupu kinateleza, na tabaka hili la uzi ndilo linalozuia nzi mzima asizunguke kwenye mti wa ndoana kama gurudumu.

Adams aliundwa na Leonard Halladay huko Michigan, Marekani, mwaka 1922, naye ni nzi mgumu kwa anayejifunza kwa sababu ana mabawa mawili ya ncha za manyoya na shingo yenye manyoya mawili tofauti, moja la kahawia na moja la kijivu lenye milia. Vipimo vyake havina siri. Mkia uwe na urefu wa mti wa ndoana. Mabawa yasimame kwenye theluthi ya mbele ya mti, nayo yawe na kimo hichohicho. Nyuzi za nyoya la shingoni ziwe na urefu wa mara moja na nusu ya mwanya wa ndoana, yaani nafasi kati ya ncha na mti. Pima nyoya kwa kulikunja mbele ya ndoana kabla ya kulifunga. Nyuzi zikizidi mara mbili ya mwanya, nzi anasimama kama aliyevaa viatu virefu, kisha anaanguka ubavu. Kulala kwako ubavu nusu yake inaweza kuwa hapo.

Mwili ndio unaomnywesha maji. Manyoya laini ya kijivu unayosokota kwenye uzi yanatakiwa kuwa machache mno. Chukua kiasi unachodhani kinatosha, kigawe mara mbili, tumia nusu. Kikikaa kwenye uzi kama ukungu, ambapo rangi ya uzi bado inaonekana, ni sawa. Kikiwa kama utambi wa taa, ni kingi. Sokota upande mmoja tu, usirudishe vidole, maana ukirudisha unafungua ulichosokota. Nyoya la mnyama anayeishi majini, kwa mfano biva, linakataa maji vizuri kuliko sufu ya kawaida. Polipropilini nayo inafaa, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji na hainywi.

Tukifika kwenye shingo, hapa ndipo penye kilio chako, kwa hiyo nitakwenda taratibu. Chukua manyoya yako mawili, toa nyuzi za chini zilizo laini na zenye ukungu mpaka uti uwe mtupu kwa urefu wa milimita tano hivi. Uti huo mtupu ndio utakaobanwa. Uzi ukibana nyuzi laini badala ya uti, umebana mto. Yaweke pamoja nyuma ya mabawa, upande unaong'aa ukitazama mbele. Yafunge kwa mizunguko mitano au sita, kila mmoja ukivutwa kweli, halafu peleka uti mbele ya mabawa uufunge tena hapo kabla ya kukata. Uti uliofungwa nyuma na mbele hauwezi kuchomoka. Acha sehemu ndogo ya uti mtupu, kama milimita moja, kati ya fundo na uzi wa kwanza wa nyoya. Bila hiyo, mzunguko wa kwanza unalala kichalichali.

Zungusha nyoya la kwanza mara mbili nyuma ya mabawa na mara mbili mbele. La pili lifuate njia hiyohiyo, ukilitikisa kidogo kushoto na kulia ili lipenye katikati ya nyuzi za la kwanza bila kuzilaza. Simama. Hapo ndipo mkono unapotaka kuongeza raundi moja zaidi, na raundi hiyo ndiyo inayokwenda kukaa kwenye nafasi ya tundu.

Kufunga ncha ya nyoya ndilo kosa linaloleta kuning'inia. Wengi wanaipitishia uzi mara moja au mbili wakiwa wameiachia, na nyoya linarudi nyuma nusu mzunguko bila wao kuona. Shika ncha kwa kibanio, ielekeze juu, iwe imevutwa. Pitisha uzi mbele yake mara moja, vuta. Pitisha nyuma yake, vuta. Kisha mara mbili nyingine mbele. Mkono ulioshika kibanio usilegee hata mara moja mpaka mizunguko hiyo minne imekaa. Ndipo ukate. Sukuma nyuzi za shingo nyuma kwa vidole vitatu, funga fundo la kumalizia la mizunguko minne, likaze, kisha funga jingine la minne juu yake. Mafundo mawili madogo yanashinda moja kubwa, kwa kuwa kubwa likilegea mahali pamoja linafunguka lote.

Sasa gundi inaruhusiwa, na ni tone moja la vanishi nyepesi kwenye ncha ya sindano, likiguswa kwenye fundo tu. Likiingia kwenye tundu, pitisha uti wa nyoya lililotupwa kabla halijakauka. Matundu yaliyokwishaganda kwa nzi ulionao yanafunguka kwa sindano iliyopashwa moto kidogo, ila shika nzi kwa koleo, si kwa vidole, na uangalie moto usifike kwenye uzi. Gundi ya papo hapo ina nafasi moja nzuri: mstari mwembamba kwenye tabaka la uzi kabla tu ya kuzungusha nyoya la shingo. Hapo inaushika uti kutoka chini na haigusi nyuzi. Nje ya hapo, iache.

Umeuliza pia kwa nini anazama, ukadhani manyoya mengi yatamwelesha. Ndoana ni chuma, kizito karibu mara nane kuliko maji, na hakuna kiasi cha manyoya kitakachoifanya iwe jahazi. Nzi wa kuelea anakaa juu ya mkazo wa uso wa maji, ile ngozi isiyoonekana inayobeba mdudu anayetembea juu ya dimbwi. Kila ncha ya nyuzi za shingo inabonyeza ngozi hiyo bila kuitoboa. Kwa hiyo kinachohesabiwa ni ncha ngapi ngumu na kavu zinagusa maji, na jinsi uzito ulivyogawanyika sawasawa. Nyuzi zikisongamana zinashikana, maji yanakaa katikati yake kama kwenye brashi ya rangi, na mwili mnene unaendelea kuyanywa. Umeongeza uzito na kupunguza ncha kwa wakati mmoja.

Na trauti mwenyewe haombi manyoya mengi. Akitazama juu anaona nje ya maji kupitia duara tu, lililo mwisho wa koni ya takriban digrii 97. Nje ya duara hilo uso wa maji kwake ni kioo, na nzi anayekuja huonekana kwanza kama vibonyeo vya mwanga, vile vya ncha zinazogusa maji. Nzi aliyefungwa kwa manyoya machache huacha vibonyeo vinavyofanana na vya mdudu. Aliyevimba huacha doa.

Mpime kabla ya kwenda mtoni. Mwangushe juu ya meza laini mara kumi kutoka kimo cha sentimeta 30. Akiwa sawa atasimama kwenye mkia na shingo mara nyingi zaidi kuliko kulala. Akilala upande uleule kila mara, tazama mkia umepinda upande gani na bawa lipi limelemea. Kisha mwangushe kwenye glasi ya maji, umwache dakika tano. Utajua mengi hapo kuliko utakavyojua mtoni.

Hata hivyo si kila kuzama ni kosa la mfungaji. Mpake mafuta ya kumwelesha akiwa mkavu kabisa, kabla ya mrusho wa kwanza. Kiasi kidogo kuliko punje ya mchele, kikiyeyushwa kati ya vidole mpaka kiwe mafuta, kinatosha. Ukimpaka akiwa amelowa, unafungia maji ndani. Baada ya kila samaki mwoshe ute kwanza kwenye maji, kwa kuwa ute huo huvuta maji kwenye nyuzi, kisha mkamue kwenye kitambaa, mtikise kwenye unga wa silika, ndipo umpake tena. Nailoni ya mwisho, ile inayofungwa kwa nzi, kwa namba 14 iwe ya kipenyo cha milimita 0.15 hivi. Filorokaboni, aina nyingine ya uzi wa kuvulia, kwa nzi wa kuelea siipendi, kwani ni nzito kuliko nailoni na inamvuta pua chini. Na kama mshipi unamburuta nzi kukatisha mkondo, hata aliyefungwa na bingwa atazama.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako: ana ukweli nusu. Ngozi ya jogoo aliyefugwa kwa ajili ya kazi hii ina uti mwembamba unaopinda bila kuvunjika na nyuzi ngumu zenye urefu mmoja, na tofauti utaiona. Lakini uiongeze baada ya mikono kutulia, la sivyo utakuwa unafumua nyoya bora. Ukiwa na fedha za kutumia sasa, zitumie kwenye ndoana zenye ncha kali na uzi mzuri. Nyoya la kuku jike liweke kando kwa nzi wa kuzama. Ni laini na linakunywa maji.

Kama unataka nzi atakayekusamehe makosa, mfunge Adams wa mwavuli. Huyu badala ya mabawa mawili ana nguzo moja ya nyuzi nyeupe, na nyoya linazungushwa kwenye nguzo hiyo likiwa limelala, sambamba na maji. Nyuzi zinatandazika pande zote kama miguu, kwa hiyo karibu hawezi kulala ubavu, na nguzo nyeupe unaiona kwa mbali. Ugumu wake ni kufunga ncha ya nyoya chini ya mwavuli, lakini ni ugumu mmoja badala ya mitatu. Kwa maji yenye fujo kuna nzi wa nywele za kulungu, ambazo ndani zina vijumba vya hewa. Kwa maji tulivu kuna manyoya ya bata yanayoota kuzunguka tezi yake ya mafuta. Hayo yanaelea yenyewe na usiyapake mafuta ya jeli kamwe, yatashikana.

Na kununua? Anayevua mara tatu nne kwa mwaka hataokoa fedha kwa kufunga mwenyewe. Vifaa vitamla kwanza. Kununua hakuna aibu. Lakini wewe umekaa miezi minne na unahangaikia uzi wa shingo ya Adams, hiyo si dalili ya mtu wa kuacha. Nunua wawili wa kwenda nao mtoni, na mmoja wa kumfumua. Mfumue polepole kwa wembe, ukihesabu mizunguko kinyumenyume, uone mfungaji aliacha nafasi gani nyuma ya tundu. Kisha mfumue wako vivyo hivyo. Mahali nyoya linapotoka bila uzi kukatwa, hapo ndipo ulipolegeza. Halafu funga kumi na wawili wa mfano mmoja, ndoana moja, bila kubadilisha kitu. Wa kwanza na wa kumi na wawili hawatafanana.

Ukifika wa kumi na wawili bado wanafumuka, tafuta mfungaji mzoefu ukae ubavuni kwake saa moja. Kuna makosa ambayo maandishi hayayaoni: mkono wa kushoto unaoachia nyoya nusu sekunde mapema, au uzi unaovutwa kuelekea kwako badala ya chini. Mpelekee nzi wako walioharibika, si wazuri. Na kama unamwona vizuri nzi ukimsogeza mbali tu, kapime macho kwanza. Mizunguko mingi iliyolegea ni mizunguko ambayo haikuonekana.

Mengine ni ya hospitali, si ya fundi. Ndoana ikiingia karibu na jicho, usiivute, ifunike bila kuibonyeza uende kwa daktari. Ukivaa miwani mezani na mtoni hutafika huko. Gundi ya papo hapo ikishika kope, usizibandue. Fungua dirisha unapotumia vanishi. Manyoya mapya yakae kwenye friza siku kadhaa ndani ya mfuko uliofungwa, kabla hujayachanganya na mengine, yasije yakaingiza nondo, maana mabuu ya nondo mmoja yanaweza kula ngozi nzima ya jogoo. Na nyoya la ndege wa porini uliloliokota, ulizia sheria kabla hujalifunga, kwani ndege wengi wanalindwa hata manyoya yao.